Gari la Matangazo Lilipotangaza Msiba

Gari la matangazo lilikuja asubuhi, jua likiwa limeshakausha umande, na kabla sijaiona hata boneti yake mtaa mzima ulikuwa umeshakimbia.

Nilikuwa nimekaa juu ya gunia la viazi pale sokoni, natafuna hindi la kuchoma. Mama aliyenichomea lile hindi alisikia spika likikoroma kwa mbali. Akamwagia jiko maji, akajifunga kitenge vizuri kiunoni, akabeba beseni lake na kuondoka bila hata kunitazama. Fundi baiskeli aliyekuwa karibu yangu alikimbia akaacha gurudumu linazunguka juu ya baiskeli aliyoipindua. Nikasikia milango inafungwa, komeo moja baada ya jingine, kisha mahindi ya nyuma ya nyumba yakatikisika kama ng'ombe wameingia. Wenye meza hawakwenda mbali. Walijibanza kwenye kuta za karibu, macho kwenye meza zao, kila mmoja ameshika kipande cha mti au jiwe.

Sikuwa nimewahi kuona jambo kama lile. Nimekaa Uyole, ambako malori yanapiga honi mpaka masikio yanazoea. Nimekaa Soweto pale Mbeya, nikakaa Kihesa kule Iringa mjini, na kote huko gari la matangazo likipita watoto hulifuata wakicheza muziki wake. Huku watu wazima walikuwa wanalikimbia.

Mji huo mdogo uko kwenye barabara kuu, kati ya Iringa na Mbeya, na jina lake naliacha makusudi. Nilikuwa na wiki chache tu pale. Nilishuka kwenye lori la mbao kwa sababu niliona watu wanapanga tanuri la matofali kwa namna ambayo sikuijua, nikataka kuuliza. Shule niliiacha darasa la sita, na tangu hapo mengi ninayoyajua nimeyapata kwa kushuka njiani na kuuliza. Siku ile nilibaki pale juu ya gunia kwa sababu nilitaka kujua gari litasema nini.

Lilitangulia kwa wimbo wa kwaya. Kisha sauti ya mwanamume ikasema:

"Ndugu wananchi. Ofisi ya mtaa inasikitika kuwatangazia kifo cha mama mzazi wa mtendaji wetu wa mtaa, kilichotokea leo alfajiri nyumbani kwa mtendaji. Mazishi yatafanyika kesho mchana katika makaburi ya mlimani. Wananchi wote mnaombwa kufika kumfariji mwenzetu."

Dereva alisema hayo kwa meza tupu, kwa gurudumu lililokuwa bado linazunguka, na kwangu mimi. Akazima spika, akatoa kichwa dirishani.

"Kaka, watu wa hapa wameenda wapi?"

"Wamekukimbia."

"Mimi? Mimi nimeleta msiba!"

"Hawajasikia msiba. Wamesikia gari."

Alinitazama kama mtu aliyepigwa kofi na mtoto. Akatazama soko, akaona vichwa vinachungulia penye kona za kuta, na mikono ile yenye mawe. Aliondoa gari polepole, wala hakuirudia kwaya.

Nilimkuta mama mwenye nyumba wangu katikati ya mahindi, hatua chache nyuma ya meza yake, amechuchumaa, ameshika ndala mkononi. Alikuwa mwanamke wa makamo, muuza viazi na parachichi, Mhehe mwenye sauti ya kuamrisha hata anapokukaribisha chakula. Nikamwambia, mama, toka, gari limetangaza msiba. Mama yake mtendaji amefariki.

Akacheka. Nilishtuka zaidi kwa kile kicheko kuliko kwa mbio zile.

"Leo wameamua kuua mtu," alisema. "Safari ile ilikuwa soda, safari hii msiba. Wewe mgeni, rudi ukaangalie meza yangu."

"Mama, nimesikia kwa masikio yangu."

"Na mimi safari ile nilisikia kwa masikio yangu."

Pale pale kwenye mahindi akanieleza. Vibanda vyao zamani vilikuwa safu mbili, ya chini karibu na lami na ya juu. Halmashauri ilikuwa ikisema safu ya chini iko ndani ya hifadhi ya barabara, wao wakasema watatoka wakionyeshwa pa kwenda. Maneno yakawa makali. Kisha mtendaji, ambaye ndiye mtumishi wa serikali aliyewekwa kuuangalia mtaa ule, akapita nyumba hadi nyumba akiwaalika shule ya msingi. Kulikuwa na mkutano wa kujenga maelewano kati ya wananchi na serikali yao. Maneno hayo yaliandikwa kwenye kitambaa kikubwa ukutani. Walikwenda wote, wengine na nguo za kanisani. Mtaalamu mmoja kutoka mbali akawakalisha wawili wawili, kila mtu amweleze mwenzake kitu anachokipenda katika mtaa wake.

"Mimi nilikuwa namweleza fundi baiskeli kwamba napenda asubuhi ya mnada, moshi ukipanda," mama alisema. "Wakatugawia soda. Serikali haijawahi kutupa soda hata siku moja. Nimefungua soda yangu, nimepiga fundo moja, nikasikia greda. Nikadhani wanachonga barabara. Tumetoka pale, safu ya chini yote imelala. Viazi vyangu vimesagwa, vimekuwa kama uji."

Tangu siku ile hakuna aliyehudhuria mkutano. Kundi la WhatsApp la mtaa walijitoa wote jioni ile ile. Ndani alibaki mtendaji peke yake, na mzee mmoja ambaye simu yake ilikuwa imezama chooni. Wenye safu ya chini walibanana na wenzao safu ya juu. Wakaweka utaratibu kwamba gari la serikali likisikika, wasio na meza waingie ndani wasije wakaitwa popote, na wenye meza wakae karibu na meza zao.

"Kwa hiyo," nikasema, "mnaamini mtu anaweza kutangaza kifo cha mama yake ili awavunjie vibanda?"

Alifikiri. Ninakumbuka alifikiri kweli, ndala ikiwa bado mkononi.

"Yeye peke yake, hapana. Wakimtuma, sijui."

Nilikwenda kwa mtendaji mwenyewe. Sikuwa na shughuli kule, ila ile "sijui" iliniingia mwilini kama baridi ya Juni. Nyumba za watumishi ziko juu, mbali kidogo na mtaa, zina ukuta na miti ya misindano mbele. Hata mtu akilia kwa nguvu pale, huku chini hasikiki. Nilikuta turubai limefungwa na viti vya plastiki vimepangwa vingi. Waliokaa walikuwa watumishi wenzake wachache na dereva yule wa gari, kila mmoja na simu yake. Viti vile vitupu upepo ulikuwa umeshaanza kuviangusha, kimoja huku, kimoja kule. Tangu nizaliwe sikuwa nimeona msiba usio na watu. Hata mlevi wa stendi Uyole tulimzika tukiwa tumejaa barabara.

Mtendaji alitoka ndani. Alikuwa dada wa umri kama wangu, mwenyeji wa Kanda ya Ziwa, amejifunga kanga kichwani na macho yamevimba.

"Pole sana dada. Pole na msiba," nikasema.

"Ahsante, kaka. Umetoka mtaani?"

"Ndiyo."

"Wengine wako nyuma yako?"

Sikujua pa kuweka mikono yangu. Nikasema hapana, mimi ni mpangaji tu, nimekuja kwanza.

"Basi wamenisusa," alisema taratibu, kama anayesoma kitu kilichoandikwa mbali. "Nilijua wananichukia. Lakini mama hakuwakosea. Mama alikuwa hatoki kitandani."

"Hawajakususa, dada. Walikimbia gari. Wanadhani ni mtego."

Hakunielewa. Nikarudia. Nikamweleza mahindi, mawe, meza, na yale maneno kwamba safari ile ilikuwa soda. Alikaa kwenye kiti kilichokuwa karibu, akakosea, akakaa nusu, dereva akamshika.

"Wanadhani nimemzushia mama yangu kifo?"

Dereva alitazama viatu vyake. Mtendaji alijipangusa uso kwa kanga na kusema jambo ambalo kwake lilikuwa kubwa kuliko aibu.

"Mama aliniomba azikwe atakapofia, asibebwe barabarani siku mbili kama mzigo. Ndugu zangu wengi hawatawahi. Sasa kesho nani atachimba? Nani atambeba?"

Kule hawakodi wachimbaji. Kaburi huchimbwa na majirani, na mtu ambaye majirani hawakumchimbia, watu husimulia habari zake kwa miaka. Yeye alikuwa ameishi pale muda wa kutosha kulijua hilo.

Nilishuka mbio. Watu walikuwa wamerudi sokoni, wamekusanyika kwa fundi baiskeli, ambaye sasa alikuwa amesimamisha lile gurudumu na kuliziba pancha. Nikasema niliyoyaona. Nilisema turubai, viti, macho ya dada yule.

"Umeiona maiti?" fundi baiskeli aliuliza.

"Sikuingia ndani."

"Umeona turubai. Hata mimi nikitaka nakufungia turubai hapa sasa hivi, nakaa chini yake nalia."

"Wewe ukilia watu watadhani umeishiwa pombe yako ya ulanzi," mkewe alimwambia, na watu wakacheka.

"Cheka, cheka. Kesho tukiwa makaburini tunaimba, greda linapita safu ya juu. Mtarudi mkute nini? Kwaya?"

Kicheko kikakatika. Niliwatazama nyuso zao nikaona hawafanyi mzaha. Mwanamke mmoja alisema kwamba kama ni kweli amefariki, wao watakuwa watu gani. Mwingine akasema watakuwa watu waliodanganywa mara moja tu, si mara mbili. Wakaanza kubishana kwa Kihehe na Kibena, haraka, mimi nikawa nashika neno moja moja.

Aliyekata mabishano ni mama mwenye nyumba wangu.

"Twende dukani," alisema. "Mtu hazikwi bila kitambaa."

Duka lenyewe lilikuwa la Mhindi mmoja mzee, mzaliwa wa pale pale, aliyekuwa akiongea Kihehe kuliko mimi. Ndiye peke yake aliyeuza kitambaa cheupe cha kukata. Tulikwenda kundi zima. Tulipofika tukamkuta yuko nje, anashusha mlango wa bati.

"Kamwene, mzee. Unafunga saa hizi?" mama aliuliza.

"Kamwene, dada. Nafunga, naenda msibani. Mmetoka huko?"

Mama akageuka kumtazama fundi baiskeli.

"Mtendaji alikuja asubuhi na mapema," mzee alisema, bado anapambana na kufuli. "Nimemkatia sanda kwa mkono wangu. Anataka kuhesabu mita, hawezi, analia. Nikamwambia mwanangu, acha, nitakata mimi. Nyinyi mbona mmesimama kama mmekuja kuniibia?"

Tulichokuwa tunakitazama ni ule mlango wa bati. Mzee yule hakuwa na desturi ya kufunga mchana. Mama mwenye nyumba wangu aliweka mkono mdomoni. Fundi baiskeli alivua kofia yake, akaishika, hakuonekana kujua aifanyie nini.

"Yesu wangu," mkewe alisema. "Ni kweli."

Kilichofuata nacho kilinishangaza. Hawakupoa wakaamini kila kitu. Waliamini kifo, greda waliendelea kuliogopa. Pale pale mbele ya duka wakagawana. Kila meza itoe mtu mmoja wa msibani na mmoja wa kubaki sokoni. Mume akienda kuchimba, mke anabaki, halafu mke akienda kupika, mume anarudi. Asiye na mwenza akaunganishwa na jirani. Wakapanga mambo hayo kwa upole kabisa, kama wanaopanga zamu ya kumwagilia bustani. Saa ile ile kina mama wakapanda na unga, maharage na kuni kichwani, na mbele ya turubai nikasikia kile kilio cha pamoja cha kina mama ambacho asubuhi hakikuwepo. Mtendaji alitoka akasimama mlangoni. Aliwatazama kwa muda mrefu bila kulia, kisha akaenda kumpokea wa kwanza kuni zake.

Asubuhi yake tulichimba. Udongo wa kule juu ni laini, halafu ghafla unakutana na mwamba, na tulipokezana sururu mpaka jasho likatoka ingawa kulikuwa na ukungu. Fundi baiskeli ndiye aliyekuwa ndani muda mwingi, shingo tu inaonekana. Kila akinyoosha mgongo aliuliza, "Sokoni vipi?" na mtu aliyesimama mahali pa juu alijibu, "Shwari." Kisha anaendelea. Walikuwa wanamzikia mtendaji mama yake, na katikati ya kazi hiyo hiyo wanajilinda asije akawaibia.

Mazishi yalikwenda vizuri. Mchungaji alikuja kutoka mji wa jirani, watu walijaa, wanaume walipokezana jeneza bila kuitwa. Palipofika zamu ya salamu za serikali, bosi mmoja wa halmashauri alianza kuzungumzia mshikamano, akatazama nyuso zilizokuwa mbele yake, akafupisha.

Tuliporudi nyumbani kwa mtendaji kula, ndipo jambo likataka kuharibika. Watu walikuwa wamekaa chini ya turubai, wengine kwenye majani, mikono imeshanawishwa. Gari dogo likaingia getini. Wafanyakazi wenzake mtendaji, kwa nia njema kabisa, walikuwa wamechangishana wakanunua vinywaji. Vijana wawili wakashusha kreti na kuanza kupita wakigawa soda.

Hakuna aliyepiga kelele. Watu walisimama tu, sahani mkononi, wote kwa pamoja, wakageukia upande wa soko. Mzee mmoja aliweka wali wake chini, akaanza kutembea kwenda getini. Mwenzake akamfuata. Yule kijana mwenye kreti alibaki amenyoosha chupa kwa mkono mmoja, haelewi kwa nini hakuna wa kuipokea.

Mtendaji alikuwa amekaa kwenye mkeka na kina mama. Aliona. Sijui aliwaza nini, lakini alinyanyuka haraka mno kwa mtu aliyetoka kuzika.

"Rudisheni kwenye gari," alisema.

"Dada, hizi ni za rambirambi," mwenzake akajibu.

"Najua ni za rambirambi. Rudisheni zote. Tutakunywa maji."

Kreti zikarudi. Waliokuwa getini wakasimama, ila hawakukaa. Ndipo mama mwenye nyumba wangu alipomwuliza. Alikuwa amekaa mkeka ule ule, tangu jana hakuwa ameondoka pale isipokuwa zamu yake ya soko. Ndiye aliyemwogesha marehemu. Alimwuliza kwa sauti ya kawaida, kama anayeuliza chumvi iko wapi.

"Mwanangu, siku ile ulijua?"

Bosi wa halmashauri aliinua uso kutoka kwenye sahani. Nilimwona anatikisa kichwa kidogo, kumwonya. Mtendaji hakumtazama.

"Nilijua," alisema.

Nilikuwa nimeshajiandalia majibu yake: kwamba hakujua, kwamba naye alidanganywa. Nadhani wote tulikuwa tumejiandalia, na tungeyapokea, maana msiba ni msiba. Mwanamke mmoja aliinuka, akakung'uta kitenge, akaondoka moja kwa moja. Hakurudi mpaka matanga yalipoanuliwa.

"Ulijua wakati unakuja kugonga kwangu?" mama aliuliza.

"Nilijua. Niliambiwa niwaweke shuleni mpaka kazi iishe. Kituo nilichokuwa kabla ya hapa, greda lilikuja watu wakiwa ndani ya vibanda. Mtu mmoja aligoma kutoka, ukuta ukamlalia. Nilimwona. Nikasema hapa afadhali wasiwepo."

"Kwa hiyo ulitudanganya ili tusife."

"Ndiyo, mama."

"Ungetuambia. Tungechagua wenyewe."

Fundi baiskeli, aliyekuwa na udongo wa kaburi mpaka kwenye nyusi, akasema, "Mimi ningelala mbele ya greda kweli. Najijua."

"Ungelala umelewa," mkewe alisema, "dereva angekuhamisha kama gunia." Watu wachache walicheka, kicheko kifupi, cha kushtukizwa. Hata mtendaji mdomo ulimcheza.

Kisha akasema jambo la pili, na hapo bosi alisimama kabisa.

"Safu ya juu nayo imepimwa. Tarehe sijaambiwa. Nikiambiwa nitakuja mwenyewe sokoni, kwa miguu, niwaambie kabla ya mtu mwingine."

"Mtendaji, hapa si mahali pake," bosi alisema.

"Samahani, mkuu. Wameulizia hapa."

Nilidhani pale patalipuka. Hapakulipuka. Walikaa, mmoja mmoja, wakala. Habari mbaya ilikuwa imekaa katikati yao nao wanakula, wanapeana maji, wanamwuliza maswali. Imepimwa mpaka wapi? Mpaka kwenye mti wa parachichi? Na uwanja wa mnada wa zamani ni wa nani? Alijibu aliyoyajua. Asiyoyajua akasema hayajui, na kila aliposema hivyo nilimwona mama mwenye nyumba wangu akimtazama kwa makini zaidi.

Nilikuwa nimepanga kuondoka wiki ile. Niliahirisha, kwa kuwa nilitaka kuona kama atakuja kwa miguu.

Wiki nyingi zilipita. Mtendaji aliomba kuzungumza nao, wakamjibu kwamba hawaendi popote, akitaka aje yeye. Akawa anakuja sokoni, anakaa kwenye kibao kati ya viazi na vitunguu, kila mtu amekaa kwenye meza yake, wanazungumza wakiuza. Mteja akija, serikali inasubiri. Waligombana sana. Kuna siku fundi baiskeli alimwita mwongo mbele ya watu, naye akamjibu kwamba ndiyo, alikuwa, na leo anaongopa wapi, aonyeshe. Walikwenda pamoja kuutazama uwanja wa mnada wa zamani, wakakanyaga matope pamoja, wakaukataa. Akarudi ofisini, akaja na upande mwingine wa uwanja ule ule, penye mteremko wa maji. Huo wakaununia, lakini hawakuukataa.

Kisha asubuhi moja alikuja mapema kabla meza hazijapangwa, viatu vimelowa umande mpaka kwenye vifundo vya miguu. Alisema: keshokutwa. Hakuna namna ya kuzuia. Wakihama wenyewe kesho kwenda upande ule wa uwanja, kila ubao na kila bati litakuwa lao.

Nikaona hofu ya zamani inapita usoni mwa watu kama kivuli cha wingu kinachopita shambani. Mtu mmoja alisema waziwazi: "Na kama greda haliji? Tutakuwa tumejivunjia wenyewe, ninyi mnacheka." Mtendaji alisema hana la kuwaonyesha, ana maneno tu. Akasimama pale, mikono mitupu, akisubiri. Sijawahi kuona mtu wa serikali akisubiri namna ile.

Mama mwenye nyumba wangu alizunguka meza yake. Aliigonga kwa kiganja, meza ile aliyoitengeneza upya kwa mbao zilizookolewa chini ya greda. Akamgeukia fundi baiskeli.

"Lete nyundo."

"Mama, fikiri kwanza."

"Nimefikiri tangu kwenye mkeka. Lete nyundo, nang'oa misumari."

Msumari wa kwanza ulilia ukitoka. Nilishika ubao upande wa pili, nikahisi unanijia mikononi, mwepesi kuliko nilivyodhani. Baada ya muda soko lote lilikuwa linalia misumari.

Siku iliyotajwa, greda lilikuja. Nilikuwa nimesimama na watu barabarani, na ninawaapia, wengi walishusha pumzi kwa furaha walipolisikia. Fundi baiskeli alisema kwa sauti, "Limekuja! Hajatudanganya!" akiruka kama mtu aliyeona timu yake imefunga. Dereva wa greda alisimama penye safu ya juu. Palikuwa peupe, pamefagiwa. Akazima injini, akashuka, akavua kofia ngumu, akatazama huku na huku.

"Vibanda viko wapi?" aliuliza.

"Vimehama, baba," mama mwenye nyumba wangu alimjibu. "Umeshakunywa chai?"

Alikuwa bado anapatazama pale palipofagiwa, mdomo wazi.